Dondoo muhimu: Miwani ya uhalisia pepe katika magofu ya Kilwa Kisiwani

• Mgeni ayaone kwanza magofu kwa macho yake, miwani ifuate.

• Chagua kipindi kimoja. Kwa mfano, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331: onyesha kasri la Husuni Kubwa la karne hiyo, bwawa lake la pembe nane likiwa limejaa maji.

• Sehemu za kukisia, kama paa lililoporomoka, zipewe rangi tofauti na kuta zilizopimwa. Mgeni ana haki ya kujua kipi kina ushahidi.

• Onyesho liwe la dakika chache, mtazamaji akiwa ameketi, asipate kizunguzungu wala kujikwaa.

• Safisha miwani kila baada ya mtu mmoja, na beba betri za akiba.

• Simulizi isomwe na wenyeji wa kisiwa. Historia hiyo ni yao.