Mtoto Ametumwa Sigara, Nimpe?

*Shangazi, nina duka hapa Likoni. Babu mmoja jirani yangu humtuma mjukuu wake wa miaka 12 aje kununua sigara mbili. Juzi nilimrudisha mtoto mikono mitupu. Babu akaja kunifokea mbele ya wateja kwamba sina adabu. Hata mume wangu asema nimezidisha, na jioni binti yetu wa miaka 15 akishika duka, humwambia ampe tu. Kweli sheria yataka niwe mkali hivyo? – Mama Duka*

Mwanangu, hukuzidisha.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku yeyote aliye chini ya miaka 18. Aliyenyoosha mkono dirishani ni mtoto, na aliyempa ni wewe; atakayeivuta ni habari nyingine. Kama neno "nimetumwa" lingetosha, kila mtoto wa mtaa angelisema, nawe huna njia ya kujua nani kweli katumwa.

Lakini kuna jambo umelipita haraka kwenye barua yako: sigara mbili. Sheria hiyohiyo inakataza kuuza sigara mojamoja, na pakiti isipungue sigara 10. Najua mtaani wengi huuza hivyo, tena waziwazi. Hata hivyo, babu mwenyewe akija na mvi zake, hizo mbili huruhusiwi kumpa. Na hapa sheria ina maana yake: mtoto hana pesa za pakiti nzima, ila moja ataipata kwa chenji ya mkate.

Vijana warefu wenye ndevu changa, waombe kitambulisho. Hutakiwi kubahatisha umri wa mtu kwa kumtazama usoni. Ukiomba hati, ukaonyeshwa, nawe ukawa na sababu ya kuamini ni halali, una la kujitetea hata ikija kujulikana baadaye ilighushiwa. Asiye nayo, asipewe. Na uwaulize wote, wa jirani na wa mbali, maana ukianza kuchagua ndipo lawama zinapoingia.

Tuje kwa babu. Zama zake mtoto alitumwa chochote na mtu mzima yeyote, na muuza duka hakuwa na swali. Anaona umemkataa yeye. Usimjibu dukani. Nenda kwake alasiri, umwamkie, ukae, umweleze taratibu kwamba heshima yake iko palepale na kwamba mtoto akija kununua unga au sukari atahudumiwa wa kwanza. Mweleze na hili linaloniuma mimi zaidi: mtoto anayetumwa sigara huijua kwa jina na kwa bei, na siku moja huambiwa, "Niwashie hapo jikoni." Ili iwake, lazima avute. Basi ameshaanza, tena kwa amri ya mtu anayempenda.

Huenda akanunua kwingine. Mwache anunue.

Ninayemhofia hasa ni binti yako. Mtoto wa miaka 15 hawezi kumkatalia babu, wala kumdai kijana wa miaka 20 kitambulisho, na baba yake keshamwambia ampe tu. Ongea na mume wako leo. Kabla binti hajakaa dukani jioni, sigara ziwe zimetolewa kwenye rafu na kufungiwa ndani, na ufunguo ubaki kwako.