Vidoa vya Kahawia Chini ya Jani la Kangaga

Kangaga ni mmea wa kivulini wenye majani mfano wa unyoya, nao hupendwa sebuleni na barazani kwa kuwa hauhitaji jua kali. Mwenye nao akigeuza jani huweza kukuta vidoa vya kahawia upande wa chini, akadhani ni wadudu na kwenda kununua dawa. Tunashauri fedha hiyo isitolewe kabla ya kujua vidoa hivyo ni nini.

Kangaga halitoi maua wala mbegu. Huzaliana kwa chembe laini kama vumbi ziitwazo spora, zinazokomaa katika vijifuko vilivyo chini ya jani. Vijifuko hivyo hukaa kwa utaratibu. Kwenye kangaga la kuning'inizwa, kila kipande cha jani huwa na safu mbili, moja kila upande wa uti wake. Kwenye aina yenye majani mapana yasiyochanika, huwa mistari iliyonyooka itokayo kwenye uti wa kati. Jani la namna hiyo ni zima, na kulipulizia dawa ni hasara tupu.

Wadudu magamba hawafuati safu. Hutawanyika ovyo, hupanda hadi kwenye shina la jani, na ukucha ukipitishwa taratibu hubanduka mmoja mmoja. Aghalabu huacha utomvu mtamu unaonata, na hapo sisimizi hufuata. Pamba nyeupe kwenye maungio ya majani ni dalili ya vidung'ata. Majani yakipauka kwa vinukta vidogo, likung'utwe jani moja juu ya karatasi nyeupe: vumbi litakalotembea ni utitiri, ambao hustawi hewa inapokuwa kavu.

Wadudu wakithibitika, mmea utengwe na mingine. Majani yaliyoathirika sana yakatwe chini kabisa na kutupwa. Kangaga lenye mizizi mizima huchipua tena, kwa hiyo mkato usiogopwe. Yanayobaki yaoshwe kwa maji, hasa upande wa chini. Kwa utitiri, kuosha huku kukirudiwa mara nyingi hutosha. Wadudu magamba na vidung'ata wachache waondolewe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti, ikigusa mdudu na si jani. Kwa kuwa mayai hufichwa chini ya gamba la mama, kazi irudiwe kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa muda wa mwezi mmoja. Wengi hushindwa hapa: huosha mara moja, huridhika, na wadudu wapya huanguliwa.

Sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nayo husaidia. Lakini jani la kangaga ni laini kuliko la mimea mingi ya nyumbani, na huungua upesi. Ijaribiwe kwanza kwenye jani moja, na matokeo yasubiriwe siku mbili au tatu. Sabuni ya unga isitumike.

Iwapo hayo yote yameshindikana, ndipo kiuatilifu kifikiriwe, na kiwe kile ambacho lebo yake inaruhusu matumizi ya ndani ya nyumba. Dawa ya shambani iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Mtoto hawezi kuitofautisha na kinywaji. Akiinywa, asilazimishwe kutapika, bali akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na chupa isiyo na lebo haitamwambia daktari ni sumu gani anayopambana nayo.

Dukani, mnunuzi ana haki ya kugeuza majani na kukagua mmea kabla ya kulipa. Kangaga jipya likae mbali na mimea mingine kwa wiki tatu, na risiti yake ihifadhiwe muda huo wote.