Nitaje kwamba nataka kutibu ng'ombe?

Swali: Naomba nafasi katika vyuo vya udaktari wa mifugo Marekani. Moyo wangu uko kwa ng'ombe wa maziwa. Niseme wazi, au nitaonekana mwenye mawazo finyu?

Jibu: Sema wazi, ila kauli yako iegemee kazi uliyokwisha kuifanya. Fomu ya pamoja ya maombi, VMCAS, inakutaka uorodheshe saa ulizotumia kwa wanyama na zile ulizokuwa chini ya daktari wa mifugo. Anayedai kupenda ng'ombe huku saa zake zote ni za kliniki ya mbwa na paka anajikana mwenyewe. Hofu ya ufinyu ina msingi, kwa kuwa mtihani wa leseni, NAVLE, hugusa pia mbwa, farasi na kuku. Basi ongeza saa kwa wanyama wengine, lakini usifiche nia. Je, ukibadili mawazo katika miaka minne ya masomo? Hakuna atakayekushtaki, maelezo ya maombi si hati ya ndoa. Tena uhaba wa madaktari wa mifugo vijijini ni wa kweli, hata serikali ya shirikisho ina mpango wa kuwalipia mikopo ya masomo wanaokubali kwenda huko. Andika ng'ombe.