Kilichookotwa Katika Takataka ni cha Nani?

Amri ya saba: Usiibe.

Wapenzi wakatekumeni, mwajua ya kuwa mwizi ni yule atwaaye mali ya mwingine bila ridhaa yake. Leo tuulize: mtu akiokota kitu cha thamani katika takataka za jirani, je, ameiba?

1. Kitu kilichotupwa kwa kusudi. Mwenyewe akitupa sufuria iliyotoboka kwa kuwa haitaki tena, ameiachia haki yake. Anayeiokota na kuiziba hana dhambi, wala asione haya. Yezu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaamuru wafuasi wake wakusanye hata vipande vya mikate vilivyosalia (Yoane 6, 12).

2. Kitu kilichopotea ndani ya takataka. Tuseme mjane ametupa koti kuukuu la marehemu mumewe. Jirani analiokota, na ndani ya bitana anakuta fedha. Koti ni lake. Fedha si zake. Mjane alitaka kutupa koti. Fedha hakujua kama zimo. Huenda marehemu aliziweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Jirani asiseme: «Mungu amenipa», bali azirudishe siku ile ile. Sheria ya Musa iliagiza kumrudishia ndugu ng'ombe au vazi alilolipoteza (Kumbukumbu la Torati 22, 1-3). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha vilevile: kushikilia kwa makusudi kitu kilichopotea ni kosa juu ya amri ya saba (na. 2409).

3. Kitu kilichowekwa kando. Mjini Lubumbashi kuna kilima cheusi cha masazo ya tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911. Kwa macho ya mpita njia kilikuwa uchafu tu. Lakini mwanzoni mwa karne ya 21 masazo hayo yalianza kuyeyushwa tena, yakatoa kobalti. Basi si kila kilicholundikwa nje kimetupwa. Anayechota usiku palipo na mwenyewe hawezi kusema: «Nimeokota tu».

Maswali na majibu

Swali: Nitatambuaje?
Jibu: Jiulize mbele ya Mungu: mwenyewe angalijua thamani yake na mahali kilipo, angalikitupa? Ukiwa na shaka, mwulize mwenyewe.

Swali: Mwenyewe asipojulikana?
Jibu: Umtafute kwa bidii, umwarifu mkuu wa kijiji, ushike sheria ya nchi. Asipopatikana kabisa, waweza kukitumia, uwakumbuke maskini.

Swali: Aliyekwisha kuficha kitu hicho afanye nini?
Jibu: Atubu na kukirudisha. Majuto yasiyotaka kurudisha mali ya mwingine si majuto ya kweli.

Azimio: Juma hili kila mmoja atazame nyumbani mwake, kama kimo kitu cha mwingine, akirudishe kabla ya Dominika.