SOMO LA UNUNUZI: KUNI ZA KASULO NA ZABUNI ZETU

Watumishi wa Serikali wanaoshughulikia zabuni, pamoja na wananchi kwa jumla, wanakumbushwa kuwa bidhaa inunuliwayo kwa fedha za umma ina asili yake, na asili hiyo huweza kuhifadhika au kuharibika kwa kadiri ya masharti anayoyaweka mnunuzi. Mfano ulio wazi ni wa Kasulo, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera.

Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka katika daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakapewa hifadhi katika kambi ya Benaco huko Kasulo. Mashirika ya misaada yaliwanusuru watu hao na njaa kwa kuwapatia mahindi na maharage. Chakula kilifika, lakini chakula hicho huhitaji moto wa muda mrefu, na kuni zikatafutwa katika misitu ya jirani. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, kambi za Kagera zilipokuwa na watu wengi zaidi zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Kufikia 1996, eneo la misitu la kilomita za mraba 570 lilikuwa limeathirika, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao Disemba 1996. Wenyeji walibaki na vilima vitupu na safari ndefu za kutafuta kuni.

Mafunzo yapatikanayo hapo ni matatu.

Kwanza, gharama ya chakula haiishii kwenye bei ya gunia. Unga huiva upesi kuliko mahindi mazima; maharage yaliyolowekwa huiva upesi kuliko makavu. Skuli, hospitali au dakhalia inapoagiza chakula, ni wajibu kuhesabu pia nishati ya kukipikia.

Pili, masharti ya uhifadhi huandikwa kabla ya zabuni kutangazwa. Majiko ya kubana matumizi na upandaji wa miti vilikuja Ngara baada ya ukataji wa misitu kuanza. Sharti lisilokuwemo katika hati ya zabuni haliwezi kudaiwa kwa mzabuni baadaye.

Tatu, sharti bila ya ukaguzi ni wino mtupu. Unguja na Pemba hupokea makaa na mbao kutoka Bara. Afisa anayepokea mzigo wa namna hiyo atake kuona hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ailinganishe na idadi iliyoletwa, na aiweke katika jalada la mkataba.

Baadhi ya maafisa huona kuwa masharti hayo yanapandisha bei na kuwaondoa wazabuni wadogo. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni kuweka masharti machache yanayopimika, na kuwapa wazabuni muda wa kujitayarisha. Wahenga walisema rahisi ghali: bei ndogo ya leo ililipwa Kasulo na watu ambao hawakutia saini mkataba wowote.

Kila mwenye dhamana ya kununua kwa niaba ya umma anaombwa kuzingatia somo hili.