Ghala Kabla ya Njaa: Namna Wakazi wa Mpitimbi Wanavyoweza Kuomba Fedha za Halmashauri kwa Usalama wa Chakula

Katika Kata ya Mpitimbi, kama ilivyo katika Wilaya ya Songea kwa jumla, mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka. Mahindi huvunwa kuanzia Mei, na wakati huohuo bei yake huwa ya chini. Madeni ya pembejeo na mahitaji ya shule huilazimisha kaya kuuza. Ifikapo Januari, kaya ileile hununua chakula kwa bei ya juu.

Mavuno mengi peke yake hayajatosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 35.6 ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Kwa hiyo mpango wa usalama wa chakula huhitaji mambo mawili: akiba inayofika Machi, na mlo wenye maharage, mboga, matunda na mayai pamoja na ugali.

Milango mitatu ya fedha

Mlango wa kwanza ni mkopo usio na riba. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, huitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Huu ni mkopo, nao hurejeshwa.

Mlango wa pili ni bajeti ya Halmashauri. Ghala la kijiji ni mali ya wote. Haliombwi kwa mkopo wa kikundi. Huibuliwa na wananchi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Mradi wa namna hiyo waweza pia kupendekezwa kwa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Mlango wa tatu ni fedha za lishe, ambazo halmashauri hutakiwa kuzitenga kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Bustani za mboga na mafunzo ya mapishi kwa wazazi huangukia hapa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kikundi cha wanawake kumi, kila mmoja akiwa na kaya ya watu sita. Kila mtu akila nusu kilo ya mahindi kwa siku, kaya hutumia kilo 3 kwa siku, yaani kilo 90 kwa mwezi. Kwa Januari, Februari na Machi zinahitajika kama kilo 270, yaani karibu magunia matatu ya kilo 100. Kikundi kizima kinahitaji magunia 30.

Hapa ndipo maombi mengi huweza kukwama. Kikundi kikikopa ili kununua magunia hayo na kuyala, hakibaki na cha kurejesha. Njia salama ni kila mwanachama kuweka magunia yake matatu wakati wa mavuno, na mkopo utumike kununua mahindi mengine ya kuhifadhi na kuuzia majirani msimu wa uhaba. Faida hurejesha deni. Akiba hubaki chakula. Andiko la mradi lieleze mwezi ambao fedha zitaanza kurudi.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, lakini mahindi mabichi huoza, na dumuzi huyageuza unga ghalani. Bajeti ya kikundi itaje maturubai ya kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa. Punje zikaushwe vizuri kabla ya kufungwa, ili pia kuepuka sumukuvu.

Wakati wa kuanza

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya vijiji huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linaloandikwa Februari, njaa ikiwa tayari mlangoni, hukuta bajeti ya mwaka ujao ikikamilishwa. Wenye nia wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kwa usajili wa kikundi na masharti ya mkopo, Afisa Ugani kwa makadirio ya mavuno, na Afisa Mtendaji wa Kijiji ili hoja iingizwe katika ajenda.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Ni kaya ngapi kijijini huishiwa chakula kabla ya mavuno, na katika mwezi gani?
2. Hitaji letu ni la kikundi au la kijiji kizima? Basi ni mlango upi unaofaa?
3. Nani atatunza ufunguo wa ghala, na nani atakagua daftari lake?