Mawe ya Ukumbusho Njiani, na Namna ya Kuyasoma

Msafiri apitaye katika njia kuu za nchi zetu huona huku na huku nguzo ya mawe au kibao cha shaba, kilichowekwa kuwa ukumbusho wa jambo la zamani. Wengi hupita tu. Wengine husoma, wakadhani kwamba hiyo ndiyo khabari yote. Leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu, na hasa walimu, ya kuwa jiwe ni shahidi kama mashahidi wengine: husema yale aliyoyataka mtu aliyelisimamisha, na mengine huyanyamazia. Tutatwaa mfano wa alama tatu zilizowekwa kwa ajili ya mtu mmoja, Daktari David Livingstone.

Alama ya kwanza iko Ujiji, mahali palipokuwa na mwembe ambao chini yake Henry Morton Stanley alikutana na Livingstone mwaka wa 1871. Nguzo yataja majina mawili, ya Wazungu wale wawili. Lakini Stanley mwenyewe aliandika kwamba waliomlaki kwanza alipoukaribia mji walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Tena, tarehe iliyoandikwa pale, 10 Novemba, ni hesabu ya Stanley. Hesabu ya siku aliyoishika Livingstone haikulingana nayo. Basi hata tarehe iliyochongwa yafaa kuulizwa.

Alama ya pili ilikuwa mti. Livingstone alifariki mwanzo wa Mei, 1873, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti uitwao mpundu, na mwili wakaukausha kwa jua ili wauchukue mpaka pwani. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik katika Bara Hindi, alisoma sala za maziko, kisha akachonga maandishi katika gome la mti ule. Alichonga jina la Livingstone na mwaka, na chini yake majina ya watu wa msafara, miongoni mwao Mniasere na Vchopere. Mti ulipokuwa ukioza ulikatwa mwaka wa 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Mwaka wa 1902 nguzo ya mawe ikasimamishwa mahali pake.

Msafara ule ulikwenda zaidi ya maili 1,000. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Njiani, walipoona kwamba wenyeji wachukia kupitishiwa maiti, waliufunga mwili mfano wa mtumba wa nguo, wakaupitisha. Wengine walikufa kabla ya kufika. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari, 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka ule mwili ulizikwa London, katika kanisa kuu la Westminster; Wainwright alikuwa mmoja wa walioshika jeneza.

Alama ya tatu ndiyo jiwe la kaburi hilo. Jiwe lasema kwamba alichukuliwa na mikono ya waaminifu, akavushwa bara na bahari. Ni sifa njema, lakini mikono ile haina majina. Yule karani aliyechonga mti porini kwa haraka alikumbuka kuwataja wenzake. Waliochonga jiwe mjini, wenye nafasi na mafundi, hawakuwataja. Wala mti wenyewe haukutaja wote: Susi na Chuma hawamo, wala Halima, mpishi wa msafara.

Kwa hiyo mwalimu awapelekapo wanafunzi wake kutazama ukumbusho, na awaulize maneno manne: Ni nani aliyeuweka? Aliuweka lini, na baada ya miaka mingapi tangu jambo lile? Yametajwa majina ya nani? Na nani walikuwapo wasiotajwa?

Karibu na Iringa, huko Lugalo, iko nguzo ambayo Wadachi waliisimamisha kwa ajili ya watu wao waliouawa na Wahehe wa Mkwawa tarehe 17 Agosti, 1891. Mtu akiuliza maneno hayo manne pale, ataona mara moja ya kuwa Wahehe walioanguka siku ile hawana budi kutafutwa katika masimulizi ya wazee, si katika nguzo.

Mawe hayana haraka, yatakuwapo kesho. Wazee hawatakuwapo. Basi twawaomba majumbe na walimu: palipo na ukumbusho katika nchi yenu, andikeni katika daftari la shule majina ambayo jiwe halikuyataja, na jina la mzee aliyeyasimulia, na mwaka. Daftari moja la namna hiyo litawafaa wajukuu kuliko nguzo mpya.